Mgeni Akija, Unatoa Nini Kabatini?

Mama msomaji, hebu tuanze na swali la nyumbani. Leo jioni mgeni wa heshima akibisha hodi, tuseme baba mkwe wako, au shemeji aliyetoka Arusha, utamwekea nini mezani? Chai ya maziwa? Soda? Maziwa ya mgando? Au utamtuma kijana dukani akalete bia mbili? Na kama tayari unazo ndani, zimekaa wapi: kwenye friji, juu ya kabati la vyombo, au uvunguni mwa kitanda ambako unaamini watoto hawapajui?

Tulilipeleka swali hili Karatu na Ngorongoro tukidhani ni jepesi, la kuchangamsha ukurasa. Akina mama wengi walicheka kwanza. Kisha wakavuta kigoda, wakakaa, nasi tukaona kwamba tumegusa mahali panapouma.

Karatu ni mji wa njiani. Magari ya watalii kutoka Arusha hupanda ukingo wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu, hupita Karatu, kisha huendelea hadi lango la Lodoare linapoanza eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Wenyeji walio wengi ni Wairaqw, ambao watu wa nje hupenda kuwaita Wambulu. Pamoja nao wapo Wachagga wenye maduka, Waarusha, Wamasai, Wabarabaig, na watu wa kila kabila waliofuata kazi za hoteli na mashamba ya kahawa. Kwa hiyo anayetaka kujua Watanzania wanapenda kinywaji gani hana haja ya kutembea sana. Akae tu barazani Karatu siku ya mnada, aangalie mikononi mwa watu.

Moto au baridi?

Katika baa za Karatu, kama ilivyo sehemu nyingi za nchi yetu, mhudumu akishaambiwa jina la bia huuliza swali moja tu: ya moto au ya baridi? Wageni kutoka Ulaya hushtuka, wakidhani hapa bia huchemshwa. Ya moto maana yake ni ile ambayo haijaingia kwenye friji. Na yeyote aliyewahi kulala ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro mwezi wa Julai, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ukungu umeziba madirisha, hatauliza tena kwa nini watu wa huko wanaagiza ya moto. Wazee husema ya baridi inaumiza kifua na inaficha ladha. Kuhusu kifua tunawaachia madaktari. Kuhusu ladha wana haki, maana ulimi uliopoa sana huonja kidogo.

Halafu kuna majina. Kila mwanamume ana bia yake, na huitetea kama anavyotetea Simba au Yanga. Huyu ni wa Safari, yule ni wa Kilimanjaro, mwingine hagusi chochote ila Serengeti, na mzee wa pembeni anasema zote hizo ni maji, yeye ni wa Guinness. Tofauti nyingine ni za kweli, kwa mfano Safari ina kilevi cha asilimia 5.5 na Kilimanjaro 4.5. Nyingine, kwa maoni yetu, ziko zaidi kwenye karatasi ya chupa kuliko ndani yake. Walikuwepo waliotuapia kwamba wanaweza kuitambua bia yao wakiwa wamefumba macho. Hatukuwajaribu, kwa kuwa hatukwenda kuvunja urafiki wa mtu.

Inafurahisha kwamba mtu wa Karatu, anayeishi jirani na tembo wanaomlia mahindi yake, anakunywa bia iitwayo Ndovu. Na ile Tusker ya Kenya ilipata jina kwa huzuni: mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, George Hurst, aliuawa na tembo mwaka 1923 akiwa mawindoni.

Na akina mama je? Wengi tuliozungumza nao walisema bia ya chupa ni chungu mno. Uchungu huo hutokana na maua ya mmea uitwao hopsi, unaoletwa kutoka nchi za nje. Wachagga nao katika mbege yao ya ndizi na ulezi hutafuta uchungu kwa magamba ya mti wa msesewe. Ladha ya uchungu hujifunzwa, haizaliwi nayo mtu. Mtoto mdogo ukimwonjesha kitu kichungu hutema. Tunaomba mlikumbuke hilo, maana tutalirudia.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba hiyo bia ya chupa nayo ina asili yake huku. Kwa miaka mingi wakulima wa Karatu na Monduli wamelima shayiri kwa mkataba na kampuni ya bia. Shayiri haipikwi uji majumbani mwao wala haiuzwi sokoni kwa debe kama mahindi. Inatoka shambani, inakwenda kufanywa kimea kiwandani, na inarudi Karatu ndani ya kreti kwa bei ambayo mkulima mwenyewe huiwazia mara mbili.

Pombe isiyolala

Kabla ya kreti kulikuwa na buura. Ndilo jina la pombe kwa Kiiraqw. Hupikwa kwa nafaka, mahindi pamoja na kimea cha ulezi au mtama, na kazi hiyo tangu zamani ni ya mwanamke. Njia yake inafanana na ya pombe nyingi za nafaka za Afrika Mashariki. Ulezi huloweshwa, hufunikwa mahali penye joto mpaka uchipue, huanikwa, kisha husagwa. Hicho ndicho kimea. Unga wa mahindi huchachushwa, hupikwa au hukaangwa, halafu hutiwa majini pamoja na kimea. Povu hupanda, pipa huanza kuunguruma kama tumbo la mwenye njaa, na baada ya muda si mrefu kazi ya kuchuja inaanza. Machicha hupewa nguruwe.

Tulielezwa hayo yote na bibi mmoja tuliyemkuta akipepeta ulezi. Tulimwamkia, shikamoo bibi, akaitikia bila kuacha ungo wake. Tukamwuliza pombe yake huihifadhi wapi. Alitutazama kama watu waliouliza moshi unahifadhiwa wapi. Pombe hii haihifadhiwi, alisema. Leo ni tamu, kesho ni kali, keshokutwa ni siki.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa. Kitu kisichoweza kulala lazima kiishe siku yake, na ili kiishe lazima watu waitwe. Mwanamume hakuweza kunywa buura peke yake chumbani kwa wiki nzima, hata kama angetaka. Ilipikwa kwa sababu iliyojulikana na mtaa mzima: majirani wamekuja kulima shamba la mtu, kuna nyumba inajengwa, kuna mahari inazungumzwa. Watu waliketi pamoja, kijana mbele ya mzee, na mzee mbele ya wazee wenzake.

Katika makutano ya namna hiyo ndipo Wairaqw walipokuwa na slufay, ambayo ni sala na ni shairi kwa pamoja. Mzee mwenye ulimi mwema husema maneno ya kuiombea nchi, mvua, mifugo, watoto na amani, na waliokaa huitikia kwa sauti moja. Wataalamu wa lugha na mila wameiandika na kuichambua. Wapo Wakristo wasioipenda kwa sababu inahusiana na pombe na mambo ya wazee wa kale. Sisi tunasema tu kwamba ni vigumu kumwona mtu akisema slufay mbele ya chupa moja, peke yake, sebuleni, televisheni imewashwa.

Tusiwadanganye vijana wetu kwamba enzi hizo hapakuwa na ulevi. Walevi walikuwepo na wake waliopigwa walikuwepo, na bibi yule hakuficha. Lakini ulevi ule ulikuwa na mwisho. Pipa likiisha, limeisha. La pili lilitaka siku nyingine nyingi za kuchipua, kuanika, kusaga na kuchuja, na kazi zote hizo zilikuwa mikononi mwa mama. Mama alipokataa kupika hapakuwa na kunywa.

Asali ya wazee

Ukipanda kutoka Karatu na kuingia Ngorongoro mambo hubadilika, kwa sababu nafaka hazilimwi. Wakati eneo la Hifadhi lilipoanzishwa mwaka 1959 Wamasai waliruhusiwa kuishi humo na mifugo yao. Kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Kwa hiyo mahindi ya uji na ugali hununuliwa, mengi yakitoka upande wa Karatu, na hakuna mama atakayenunua mahindi ya thamani hiyo ayafanye pombe.

Pombe ya Wamasai ni ya asali. Asali na maji huwekwa katika kibuyu kikubwa pamoja na mizizi ya mmea wa jamii ya mshubiri, na kibuyu hukaa karibu na moto kwa siku kadhaa. Ilikuwa ya sherehe na ilikuwa ya wazee. Morani hawakutakiwa kuinywa kabisa. Kijana alisubiri miaka mingi, akapita jando na umorani na sherehe zake zote, ndipo akaikaribia. Hebu fikiria: taifa la wapiganaji ambao askari wao wote wanakunywa maziwa!

Na maziwa yenyewe yana ladha ya mtu binafsi. Mama wa Kimasai husafisha kibuyu chake kwa kijinga cha mti, mara nyingi mzeituni mwitu, anachokisugulia ndani, na maziwa hushika harufu ya moshi huo. Watu hujua kibuyu hiki ni cha nyumba ya nani kwa kuonja tu. Tulipewa kikombe katika boma moja, tukakinywa polepole, na tunakiri kwamba mmoja wetu hakukimaliza, kwa sababu aliyezoea maziwa ya paketi hupata shida. Lakini tulielewa kwamba hata hapa kuna watu wa Safari na watu wa Kilimanjaro, ila kwa maziwa.

Siku hizi asali ni ghali, na sukari imechukua nafasi yake katika vibuyu vingi. Sukari haimsubiri nyuki. Kile kilichokuwa cha sherehe moja au mbili kwa mwaka sasa kinaweza kutengenezwa wiki yoyote, na morani hawajasubiri.

Chupa inayongoja

Wasomaji wa umri wetu wanakumbuka miaka ya 1980. Bia na soda vilikuwa adimu, na mwenye harusi alihangaikia kibali ili apate makreti ya kuwapokea wageni. Nani basi angeweka bia ndani ya nyumba? Mwaka 1993 kampuni ya bia ya taifa iliingia ubia na wawekezaji wa Afrika Kusini, na baada ya hapo adha ya kutafuta kibali ikaisha. Bia ikajaa. Umeme ukafika vijijini, friji zikafika, na zile pombe kali za chupa, ambazo haziharibiki hata zikikaa miaka, zikapata makao juu ya makabati.

Halafu vikaja viroba, vifuko vidogo vya pombe kali ambavyo mwanafunzi aliweza kuvificha katika soksi. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, nasi tulishangilia. Chupa ndogo za plastiki zikachukua nafasi yake, na tukaacha kushangilia.

Tofauti ya buura na chupa haiko katika kilevi tu. Chupa inangoja. Inamngoja baba arudi amechoka. Inamngoja mama siku ambayo hakuna mtu nyumbani na moyo ni mzito, maana tusijifanye kwamba ni akina baba tu. Inamngoja mtoto. Hakuna anayeitwa kuishuhudia wala mzee wa kuombea mvua, na haihitaji mwanamke mpishi wa kusema leo sipiki.

Hatusemi haya kama watakatifu. Nyumbani kwetu ilikuwepo chupa ya pombe kali nyeupe, zawadi ya mgeni, imekaa juu ya kabati tangu sikukuu ya Krismasi. Hatunywi pombe kali. Tuliiweka kwa ajili ya wageni, na kila tulipofuta vumbi tuliona imejaa vilevile hadi shingoni. Siku alipokuja mgeni wa kuinywa tulimmiminia, akaonja, akatutazama kwa adabu, akanyamaza. Yalikuwa maji matupu. Mtu alikuwa ameinywa kidogo kidogo na kujazia maji, na nyumba yetu ina watoto watatu. Wawili walilia tulipowauliza. Wa tatu hakulia, na ndiye tuliyekaa naye usiku ule hadi jogoo la kwanza.

Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Kwa mama mjamzito jambo hili halina mjadala kabisa, kwa sababu kilevi humfikia mtoto tumboni na kinaweza kumharibu ubongo. Na ile imani iliyoenea sehemu nyingi, kwamba pombe ya ulezi huongeza maziwa ya mama anayenyonyesha, utafiti haukuiunga mkono: kilevi huzuia maziwa yasishuke vizuri, tena hupita ndani ya maziwa hadi kwa mtoto. Uji wa ulezi usiochachuka unatosha. Gongo tusiongelee sana. Imekatazwa kisheria tangu mwaka 1966, na kila mtu anajua nyumba inakopatikana. Majirani zetu wa Nairobi, Novemba 2000, walizika zaidi ya watu 100 waliokunywa pombe haramu yenye sumu ya methanoli, na baadhi ya walionusurika walipofuka.

Mama wa upande wa Rhotia

Baada ya hayo yote ni rahisi kusema: basi mama, acha kupika. Tulikuwa karibu kuyasema maneno hayo kwa mama mmoja wa upande wa Rhotia. Tunashukuru hatukuyasema.

Alitukaribisha vizuri, karibuni mama zangu, akatupa togwa kwenye vikombe vya bati. Togwa ni maarufu zaidi upande wa kusini wa nchi kuliko huku, naye alifundishwa na jirani yake, mke wa mwalimu aliyetoka Songea. Kimea chake kilitoka katika gunia lilelile anapochota cha buura. Mama huyu hupika kila wiki, siku ya Ijumaa, na kuuza Jumamosi. Ana watoto wanne. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, lakini sare, madaftari, viatu, chakula cha shuleni na nauli havikuondolewa. Mahindi ya shamba lake huliwa. Fedha ya mkononi hutoka kwenye pipa.

Zamani aliuzia hapo hapo nyumbani. Wateja walikaa kwenye benchi chini ya mti, na wakiondoka watoto walikusanya vikombe vya kuosha. Siku moja mwalimu wa darasa la kwanza alimrudisha nyumbani mtoto wa mwisho kwa sababu alilala darasani na alinuka pombe. Mtoto wa miaka saba! Mama alidhani ni uwongo. Jumamosi iliyofuata alijificha nyuma ya jiko akaangalia. Yule mdogo alipita benchi kwa benchi, akamalizia kila kikombe, tone kwa tone, kisha akaviosha kwa uaminifu na kuvipanga. Hakuwa anaiba. Aliona ni sehemu ya kazi. Na ule uchungu ambao mtoto yeyote angeutema, yeye alikuwa ameshauzoea.

Mama hakumchapa. Alikaa siku mbili bila kujua la kufanya, halafu akaongea na wenzake wawili wanaopika, wakapanga pamoja sehemu moja karibu na barabara, mbali na nyumba zao zote tatu. Pipa liliondoka nyumbani. Vikombe viliondoka. Hiyo ilikuwa hasara, kwa sababu sasa analipa kodi ya pango na ushuru, na faida imepungua. Tena Jumamosi hurudi nyumbani usiku, na watoto wanalala na dada yao mkubwa. Alituuliza kama gazeti letu linaweza kununua madaftari. Hatukuwa na jibu, na tuliona haya kuinua vikombe vyetu.

Tulipomwuliza kuhusu kanisani alitabasamu. Wapo wanaomsalimia na wapo wanaopita mbali, na miongoni mwa wanaopita mbali wamo wake wa wateja wake, jambo ambalo halilaumu. Wakatoliki kwa kawaida hawamkatazi mtu kunywa kwa kiasi. Wapentekoste hukataza kabisa. Walutheri wapo wa pande zote mbili, na mara nyingine pande zote mbili zimo katika nyumba moja. Tukamsimulia habari za Katharina von Bora, aliyeolewa na Martin Luther mwaka 1525. Nyumba yao ya Wittenberg ilijaa watoto, wanafunzi na wageni, na Katharina alipika bia mwenyewe nyumbani. Luther akiwa safarini aliikumbuka katika barua zake. Mama wa Rhotia alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Akauliza: na watoto wake walikuwa wanaosha vikombe?

Kuhusu mgeni

Turudi kwenye mgeni wetu aliyebisha hodi. Wanawake kadhaa walituambia wanaogopa kwamba wakimwekea soda tu, shemeji ataona amedharauliwa, hasa kama kaka yake alizoea kumpa bia. Hofu hiyo ni ya kweli na hatuidharau. Lakini tuligundua kwamba wageni wengi hupokea chochote kinacholetwa kwa mikono miwili, kikiwa kimetayarishwa, si kimetolewa tu. Soda hata mtoto anaweza kuifungua. Togwa lazima mtu ameifikiria tangu jana yake. Basi tulimwomba mama yule atufundishe, na tunaiandika kama alivyotuonyesha.

Chemsha maji lita 4. Koroga vikombe 2 vya unga wa mahindi kwa maji ya baridi, mimina katika maji yanayochemka, pika uji mwepesi kwa muda wa nusu saa hadi uive kabisa. Epua, uache upoe mpaka uweze kuingiza kidole na kukiacha humo bila kuungua. Hapo hapo tia kikombe kimoja cha kimea cha ulezi, koroga vizuri. Uji utaanza kuwa mwepesi mbele ya macho yako, usishtuke. Funika kwa kitambaa safi, weka karibu na jiko. Baada ya saa chache utakuwa mtamu bila sukari. Ukilala usiku mmoja utakuwa na uchachu mzuri. Chuja, ongeza sukari kidogo ukipenda, tia tangawizi ikiwa mgeni ana mafua. Watoto wanaweza kunywa mapema, siku hiyo hiyo. Ikifika siku ya pili jioni imekwisha kuanza safari ya kuwa kitu kingine, kwa hiyo inayobaki usiifunike tena. Wape nguruwe.